Kwa nini nimechukua sliki za inchi 26 nikaziacha za 28

Wiki mbili zilizopita nilienda stendi ya Nyegezi kupokea mzigo wangu kutoka Dar, matairi mawili yamezungushiwa plastiki nyeusi, konda anayashusha kwenye buti ya basi plastiki ikachanika upande mmoja akaona mpira hauna hata mstari. Akaniangalia kwa huruma kabisa. "Kaka, umeuziwa vipara."

Toka siku hiyo nimeulizwa kama nimeuziwa vipara na watu kama kumi hivi, mama yangu mzazi akiwemo, ndo maana nimeona niandike, maana hapa Mwanza saivi kuna vijana kadhaa nawajua wanatengeneza gari kwa ajili ya mbio za dragi, zile fupi za kunyoosha moja kwa moja, na wengi wanakwama palepale, kwenye matairi ya nyuma.

Kwanza hilo la vipara tulimalize. Tairi kipara ni tairi lililoisha, kashata, yale maua ya juu yake, zimelika, mpira uliobaki ni mgumu na mwembamba, likikutana na kokoto limekwisha. Sliki, tairi la mbio za lami kavu, imezaliwa hivyo. Haina kashata kwa sababu kwenye lami kavu kila mfereji unaoukata kwenye tairi ni mpira unaoupunguza kugusa chini, na pia vile vidonge vya kashata vinacheza gari ikipewa moto. Halafu mpira wenyewe ni laini mno. Mimi yangu ukiyabonyeza kwa ukucha alama inabaki, inafifia taratibu kama unabonyeza andazi. Jaribu hivyo kwenye tairi lako la kawaida uone kama utaacha alama. Ila mvua ikidondoka sliki haina pa kupeleka maji, inaelea juu yake, kwa hiyo hazitembei barabarani hata siku moja. Mimi nazibeba kwenye kirikuu, naenda na matairi yangu ya kawaida, nazifunga palepale tunapokimbilia. Na tunapokimbilia ni ndani ya eneo la mtu binafsi upande wa njia ya Magu, mwenyewe ametuachia kipande cha lami, geti linafungwa, mitungi ya kuzimia moto ipo. Barabara ya watu sikimbii. Kipande chenyewe hakitoshi mita 402, umbali wa kawaida wa dragi, na nafasi ya kusimama, kwa hiyo tunakimbia nusu yake, mita 201.

Sasa saizi, hapa ndo penye mambo.

Gari yangu ni Mark II, injini 1JZ-GE ile isiyo na turbo, gia boksi auto, difu 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 ndo tairi lizunguke mara moja. Tairi nililokuwa navaa ni 195/65R15, ukipiga hesabu kimo chake ni kama inchi 25. Kila mtu akikaa kuangalia video za Marekani anaona yale matairi ya Top Fuel, yale magari ya dragi yenye nguvu kuliko yote, kimo inchi 36 upana inchi 17.5, upepo wanaweka psi 7 hivi, yanajikunja kama nguo gari inapoondoka, halafu na yeye anataka kubwa. Hata mimi nilitaka. Rafiki yangu alikuwa na pea ya kimo inchi 28 kwa upana 10.5 na alikuwa tayari kuniachia, nikazifunga kwa kujaribu tu pale gereji, na kwa macho gari ilipendeza sana aisee, nyuma imekaa pana, sikutaka kuzitoa.

Lakini kaa na kalamu kidogo. Tairi la inchi 28 likizunguka mara moja linatembea mita 2.23, la inchi 26 mita 2.07. Kwenye mita 201 la 28 linazunguka mara 90, la 26 mara 97. Yaani ukipanda kutoka inchi 25 kwenda 28 bila kugusa kitu kingine, difu yako ya 4.1 inakuwa kama umeweka ya 3.66, gari inakuwa nzito kuondoka, unabonyeza mafuta inafikiria kwanza. Ukienda 26 inakuwa kama 3.94, hapo injini yangu inavumilia. Mwenye injini ya 2JZ ya turbo hilo la 28 linaweza likamsaidia, maana yeye ana nguvu ya kutupa na gia ya kwanza inamwishia haraka. Mimi sina hiyo nguvu.

Na kuna kitu ambacho sisi wa huku ziwani tunakisahau kabisa, Mwanza ipo kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar. Injini isiyo na turbo inavuta kilichopo, hewa ikiwa pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 na nguvu inapungua karibu kiasi hicho hicho. Hiyo 1JZ-GE yenye VVT-i, mfumo wa kurekebisha muda wa valvu, kwenye makaratasi ni nguvu za farasi 200, huku usiihesabie zaidi ya 175 au 180, na hapo ni kama ina afya. Kwa hiyo mtu wa Dar akikuambia mimi natumia saizi fulani na inafanya kazi, ni kweli kwake, ila wewe anza na pungufu.

Uzito nao. Kuna jamaa yangu anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba ana mzani mzuri wa kuning'iniza, nikampelekea tairi moja la 28 na moja la 26, yote bila rimu, tukayapima katikati ya magunia. La 28 lilizidi kwa karibu kilo tatu. Kilo tatu kila upande unaweza ukasema ni nini hiyo, lakini huo uzito unazunguka na upo mbali na katikati, injini inabidi iuamshe kila unapoondoka, ni tofauti kabisa na kubeba kilo tatu kwenye buti. Pale Mwaloni ndo nilipoamua.

Suala la pili ni bayasi au radiali, yaani tairi limejengwaje ndani. Radiali nyuzi zake za ndani zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, bayasi nyuzi zinapishana kimsalaba. Radiali inabingirika kwa wepesi na kule mbele kasi ikishakuwa kubwa gari inatulia zaidi, lakini inataka njia iliyoandaliwa, zile njia wanazomwagia gundi na kuvuta mpira juu yake. Sisi lami yetu ni lami tu, tunafagia asubuhi kwa mifagio na saa sita upepo wa ziwa umesharudisha mchanga. Kwenye njia kama hiyo radiali ikiachia imeachia, huirudishi. Bayasi inasamehe, ubavu wake unajikunja unapoondoka, mguso chini unarefuka, halafu ule ubavu unapojinyoosha unakusukuma. Kwa auto kama yangu ubavu laini ni sawa, gia boksi yenyewe inapeleka nguvu kwa ulaini.

Ubaya wa bayasi nauona pia. Mbele nina radiali za kawaida na nyuma bayasi, mkia unacheza kidogo ukikolea mwendo, ila kwa mita 201 siendi mbali zaidi ya kilomita 115 au 120 kwa saa, nimeongeza upepo matairi ya mbele na imetulia. Ningekuwa nakimbia mita 402 zote ningefikiria tena.

Mwaka jana niliumizwa na sliki za mtumba na hii nataka mtu aisome vizuri. Kuna muuzaji mmoja mtandaoni alinitumia picha, vile vitundu vidogo vya kupimia unene wa mpira bado vilikuwa na kina, nikaona hizi mpya hizi, nikatuma hela. Zilipofika ukucha hauingii. Ngumu kama meza. Sliki inazeeka kwa kupashwa moto na kupoa, kila ukikimbia inapoteza kitu, na jua linamalizia, kwa hiyo unene unaweza ukawepo na tairi limeshakufa. Niliondoka nalo mara tatu likawa linateleza kuliko hata tairi langu la sokoni, hela ikaenda hivyo. Usinunue sliki ya mtumba kwa picha. Nenda na ukucha wako.

Kwenye upepo nako kuna shida ya huku kwetu. Fundi pancha wa mtaani kwangu, mzee wangu namheshimu sana, geji yake inaenda mpaka psi 100 na zaidi, huko chini kwenye 10 na 15 mshale hauna adabu. Mara ya kwanza alinijazia akasema, "Mwanangu hili tairi halina upepo, utakata rimu," akapandisha 32. Nikamwonyesha, tukashusha, geji yake ikasema 20, nikanunua geji ndogo ya mwisho psi 30 nikapima ikasoma 13. Psi saba zote hizo! Wakati kwenye sliki nusu psi unaiona.

Mimi nilianza na 16 Jumamosi iliyopita. Tunamwaga maji ya dumu chini, nazungusha matairi humo, nasogea mbele pakavu nachoma mpaka moshi mwembamba uanze kutoka, basi, sio kuchoma mpaka majirani waje. Halafu naondoka na mtu anaenda kuangalia alama chini. Kwenye 16 alama ilikuwa nyeusi katikati na pembeni imefifia, maana yake tairi limevimba linagusa kwa katikati tu. Nikashuka nusu nusu. Kwenye 14 alama ikawa nyeusi sawasawa upana wote, nzuri mpaka nikaipiga picha. Nikajaribu 13, ikageuka, kingo nyeusi katikati pamepauka, na gari ikaanza kuyumba. Nikarudi 14. Pia nilichora mstari wa chaki kutoka kwenye rimu kuja kwenye tairi, kila nikirudi naangalia kama mstari umekatika, maana upepo ukiwa mdogo rimu inaweza ikazunguka ndani ya tairi. Haukukatika.

Kabla hujanunua hakikisha difu yako inasukuma matairi yote mawili, LSD (ile inayozuia tairi moja lisizunguke peke yake) au iliyofungwa yazunguke pamoja muda wote, maana difu ya kawaida itazungusha upande mmoja na sliki yako ya pili itakuwa mtazamaji. Na ujue sliki ikishakamata nguvu inatafuta pengine pa kutokea, mwenzetu mmoja alivunja shafti ya nyuma siku ya kwanza tu. Na kama gari yako inavuta kwa mbele, IST au Runx, sliki zinakaa mbele, haya yote ya nyuma hayakuhusu.

Kitu kimoja bado kinanisumbua. Nilizungushia futi ya kamba kwenye matairi yote mawili yakiwa na upepo uleule, moja limetoa sentimita 208, lingine 207.2. Kwa difu iliyofungwa kama yangu gari inavutwa kidogo kuelekea upande wa tairi dogo na kweli naisikia kwenye usukani. Jumamosi hii naongeza nusu psi kwenye lile dogo nione. Kwa sasa zote mbili zipo stoo kwa mama, ndani ya mifuko myeusi, mbali na dirisha, na nimemwomba yule fundi anayetuchomelea geti ahamishe mashine yake upande wa pili wa nyumba, maana ile hewa inayotoka kwenye cheche za umeme inakausha mpira. Amehamisha.