Majani yanapukutika, Bwana anakuja

Jamani mwezi wa kumi huku Vermont, Marekani, we acha tu, milima yote imewaka nyekundu na njano, mi nimekulia Tukuyu, majani yakidondoka tunafagia basi. Kumbe ile njano ilikuwemo ndani ya jani muda wote, kijani kikiisha ndo inaonekana. Na ukivuta tawi la mti wa huku unaoitwa maple ukaangalia pale jani lilipochomoka unakuta kichipukizi kidogo kigumu cha kahawia kimeshajifunga tayari kusubiri mwezi wa nne, theluji bado hata haijaanza! Yesu kwenye Mathayo 24 alisema tujifunze kwa mtini, ukichipua jua kiangazi kiko karibu. Tarehe mi sipigi hesabu (wapiga hesabu wameshatuchosha), ila anarudi, na mama yangu aliyelala kaburini ataamka.