Mbele ya picha ya Michelle Obama

Mwaka 2018 nilipofika Washington, katika jumba la sanaa la National Portrait Gallery, nilisimama karibu nusu saa mbele ya picha ya Michelle Obama iliyochorwa na Amy Sherald. Ngozi ameipaka kijivu, kama afanyavyo kwa watu wake wote, ilhali gauni jeupe lenye maumbo meusi, mekundu na ya manjano linatanda kama mlima hadi ukingo wa chini wa turubai.

Nami huchora sura za watu kwa kuagizwa, kwa hiyo maisha ya Sherald yalinigusa zaidi ya rangi zake. Alizaliwa Columbus, Georgia, mwaka 1973, akaishi Baltimore akihudumia meza mgahawani hadi umri wa miaka 38 ili aweze kuendelea kuchora, na mwaka 2012 akapandikizwa moyo. Miaka minne baadaye alishinda shindano la jumba hilohilo la sanaa, akiwa mwanamke wa kwanza kulishinda.

Wateja wangu wengi huniomba niwang'arishe ngozi. Juma lile niliporejea, mama mmoja alileta picha ya marehemu mumewe akiwa na ombi hilohilo, nikamsihi aniruhusu nimchore kwa weusi wake. Alinyamaza kitambo, kisha akakubali.