Nani Anayesimulia? Mtazamo katika Hadithi Fupi za Wasomaji wa Miaka 11 hadi 14

Waandishi wengi wanaowaandikia wasomaji wa miaka 11 hadi 14 huchagua nafsi ya kwanza bila kusita, kwa kuamini kwamba msimulizi anayesema "mimi" humsogeza msomaji karibu na mhusika. Imani hiyo si potofu, ila haijakamilika. Kinachomvuta msomaji wa rika hili si ukaribu peke yake, bali ni pengo lililopo baina ya anachokisema msimulizi na anachokigundua msomaji mwenyewe, na mtazamo wa usimulizi ndio unaoamua pengo hilo litakuwa pana kiasi gani.

Tuchukue kisa kidogo. Mvulana anaingia darasani na kuwakuta rafiki zake wawili wakinong'ona, nao wananyamaza ghafla wanapomwona. Akisimulia mwenyewe, hadithi itakuwa ya usaliti: kila jicho atakalokatwa na kila kicheko atakachokisikia kwa mbali kitakuwa ushahidi dhidi ya rafiki zake, nasi tutamwamini mpaka pale tutakapoanza kushuku kwamba ushahidi wenyewe hautoshi. Kisa hicho hicho kikisimuliwa na msimulizi maizi, anayeyajua yaliyomo moyoni mwa kila mhusika, tutaambiwa mapema kwamba wale wawili wamesikia kuwa baba yake ameachishwa kazi na hawajui wamfariji vipi. Fumbo litakuwa limekwisha, lakini hapo hapo kitazaliwa kinaya, kwa sababu kila atakapowakasirikia tutamhurumia kwa kutojua tunachokijua sisi. Iko pia njia ya kuonyesha matendo na maneno tu bila kuingia moyoni mwa yeyote. Njia hiyo humfanyisha msomaji kazi kubwa zaidi, na binafsi naona inafaa hadithi fupi sana.

Mfano ninaourudia mara kwa mara ni "Charles", hadithi ya Shirley Jackson iliyochapishwa mwaka 1948. Mama anasimulia jinsi mwanawe Laurie anavyorudi kutoka shule ya chekechea na habari za utukutu wa mtoto aitwaye Charles, hadi siku mama huyo anapokutana na mwalimu na kuambiwa kwamba darasani hamna mtoto wa jina hilo. Laurie mwenyewe angekuwa msimulizi, angelazimika ama kutudanganya waziwazi ama kuitoboa siri mwanzoni. Na msimulizi maizi angekuwa ameshaijua. Hadithi inasimama juu ya mapenzi ya mama ambaye haoni kilicho mbele ya macho yake. Msomaji mdogo, ambaye hila za watoto anazijua kuliko mzazi yeyote, mara nyingi huing'amua siri kabla ya mama, na sidhani kama ipo raha ya kusoma inayoizidi hiyo katika umri ule.

Nafsi ya kwanza ina nguvu nyingine ambayo haitegemei siri. Katika "Eleven" ya Sandra Cisneros, Rachel anatimiza miaka 11 siku ambayo mwalimu anashikilia kwamba sweta kuukuu jekundu lililokutwa darasani ni lake. Tukio lenyewe ni dogo mno kwa mtu mzima. Linakuwa kubwa kwa kuwa tunalipokea kwa sauti ya mtoto, bila mkubwa yeyote wa kutueleza kwamba mambo haya hupita.

Hapo ndipo ninapokuwa na wasiwasi na msimulizi maizi katika hadithi za rika hili. Kosa si lake, bali ni la sisi watu wazima, ambao tukishapewa sauti inayojua kila kitu hatuchelewi kuigeuza mimbari. Msomaji wa miaka 12 huhubiriwa vya kutosha kwingineko, na akiinusa hotuba hufunga kitabu. Nafsi ya tatu inayomfuata mhusika mmoja tu hupunguza kishawishi hicho, huku ikimwachia mwandishi uhuru wa kutumia lugha pana kuliko ya mhusika mwenyewe.

Hata hivyo mtazamo huo huteleza kwa urahisi. Ikiwa tunamfuata msichana mmoja, hatuwezi kuambiwa kwamba uso wake ulionyesha hofu asiyoitambua, wala kwamba mwalimu aliyempa kisogo alikuwa akitabasamu. Katika riwaya makosa ya namna hiyo huweza kumezwa na wingi wa kurasa, lakini katika hadithi ya kurasa tano huonekana mara moja. Utelezi wa nafsi ya kwanza hujificha zaidi, kwa kuwa huwa katika hekima: mtoto wa miaka 11 anayemsamehe baba yake kwa ufasaha wa mshauri nasaha si mtoto tena. Mwandishi akiihitaji hekima hiyo kweli, ni heri amfanye msimulizi kuwa mtu mzima anayekumbuka utoto wake, na alidhihirishe hilo tangu aya ya kwanza.