Epoksi juu ya kaunta ya zege, Shangani Mtwara: kumbukumbu ya mradi wangu

Kaunta ni sm 240 kwa 60, zege lililopigwa niru, na juu yake rangi ya mafuta ya zamani. Mpango: praima ya epoksi, epoksi nyeupe mikono miwili, kisha vanishi ya poliyurethani ya makopo mawili yanayochanganywa. Epoksi hukaa chini na vanishi juu, kwa sababu epoksi ikipigwa na jua hugeuka njano na kutoa unga kama chaki, na dirisha hapa linatazama mashariki.

Siku ya 1. Kitambaa kilicholowa tina kimelazwa juu ya rangi ya zamani dakika 10. Imelainika na kukunjamana. Epoksi ingeifanya hivyohivyo, maana ina tina yake kali, basi rangi yote inatoka kwa skrepa na msasa namba 60. Sehemu nyingine ilikuwa imeshaachia yenyewe: ukali wa saruji hula mafuta ya rangi na kuyageuza sabuni. Rangi ya mafuta haifai kabisa kupakwa moja kwa moja kwenye saruji. Ukutani nyuma ya kaunta kuna rangi ya maji. Imekwanguliwa sm 10 hadi kwenye plasta. Epoksi inapokauka hujivuta, na ikishika rangi ya maji huing'oa kama ganda.

Siku ya 2 na 3. Vumbi limefutwa, nyufa zimezibwa kwa puti ya epoksi. Kipande cha nailoni sm 45 kwa 45 kimebandikwa tepu pande zote, saa 24, kuona kama zege linatoa unyevu. Chini yake pakavu, zege halijabadilika rangi. Kungekuwa na matone, kazi ingesimama.

Siku ya 4. Praima, kuanzia saa 4 asubuhi umande ukiwa umeshakauka. Nayo ni makopo mawili, A (rangi yenyewe) na B (kigumishi), na inataka sehemu 4 za A kwa 1 ya B: ml 160 na ml 40, zinatosha mkono mmoja. Pima kwa kikombe chenye alama. Kuzidisha B hakuharakishi kukauka, kunaacha rangi laini inayonata daima. Koroga dakika 3 ukikwangua kuta na kitako, kisha mimina kwenye chombo kingine ukoroge tena. B iliyoganda pembeni ndiyo huleta madoa yasiyokauka. Kwa joto la hapa mchanganyiko haudumu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kwa hiyo changanya kidogokidogo.

Siku ya 5. Mkono wa kwanza wa nyeupe umemalizika saa 11 jioni, na hapo ndipo kosa lilipo. Umande umeikuta rangi bado mbichi. Asubuhi imekauka, inang'aa vizuri tu, lakini ukipitisha kidole inateleza kama sahani ya wali wa nazi iliyosuuzwa kwa maji baridi, na tone la maji linajikusanya badala ya kutandaa. Ni utando wa kopo B uliokutana na unyevu na hewa. Tabaka lolote juu yake litabanduka.

Siku ya 6. Maji ya uvuguvugu, sabuni, dodoki, suuza mara mbili, kausha. Msasa namba 180 unafuata baada ya kuosha. Ukitangulia, unausukuma utelezi ndani ya mikwaruzo. Mkono wa pili umepakwa saa 4, ukaisha saa 5.

Siku ya 7. Vanishi, ndani ya saa 24 za epoksi, bila msasa. Ikipita hapo, msasa namba 320 ni lazima. Madirisha wazi, glavu mkononi. Vanishi nayo haitaki unyevu: hutoa mapovu.

Siku ya 14. Ukingo wa mbao ulioguswa na epoksi sasa unapakwa rangi ya mafuta. Mapema kabla ya wiki, masalia ya B huizuia isikauke. Kwenye kona iliyofichika nimechana miraba ya mm 2 kwa wembe, nikabandika tepu na kuivuta kwa nguvu. Hakuna mraba uliotoka. Sufuria ya moto inawekewa kibao, kwa kuwa epoksi hii huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi.