Mumeshaskani? Sawa, na boksi je?

Kila nikimwambia mtu nashughulika na makaratasi ya kale hapa Lamu, swali ni lile lile: mumeshaskani? Yamewekwa kwenye nini, hilo haulizi mtu. Na mie nasema wallahi boksi ndo kazi yenyewe. Skana inakuja inaondoka, karatasi inabaki hapa na unyevu wetu, chumvi yetu na mchwa wetu.

Sikatai kuskani jamani. Vitabu vya mkono, yaani vilivyoandikwa kwa mkono, vya Msikiti wa Riyadha hapa Lamu, ule wa Habib Swaleh, vilipigwa picha kupitia mradi wa Endangered Archives (wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini) wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, mtu yuko Norway huko anafungua anasoma, safi kabisa. Lakini Oktoba 2023 British Library wenyewe wakavamiwa na wahalifu wa kompyuta, mambo yao mengi ya mtandaoni yakalala miezi na miezi, ukawa ukitafuta picha za hati huzipati. Kitabu chenyewe hakina paswadi, kikitunzwa unakifungua tu.

Kinachoniuma ni hiki. Kuna nyumba moja mtaani, walikuja watu na kamera zao za maana, wakapiga picha kutwa, walipomaliza wakarudisha hati zote kwenye mfuko ule ule wa plastiki walozikuta nao, wakapiga fundo, haya kwaheri. Masika yakaingia. Mfuko ukatoka jasho kwa ndani na koga ikatanda juu ya nyaraka za mirathi za watu. Hewa ikishapita asilimia 65 hivi ya unyevu koga inaanza kuota, na sie hapa kisiwani asilimia hiyo tunaipita bila kutaka, sasa ukiifungia karatasi ndani ya plastiki na jasho lake unategemea nini?

Halafu kuna jambo watu hawaliamini mpaka walione. Ukiweka kitabu cha mkono cha miaka ya 1800 kando ya risiti ya serikali ya mkoloni ya miaka ya 1940, inayovunjika mkononi mara nyingi ni ile risiti! Karatasi ya zamani ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, ina nyuzi ndefu, bado laini. Nyingi zilizofika pwani hii zilitoka Italia, inua ukurasa dirishani utaona hilali tatu zimejipanga ndani ya karatasi yenyewe, alama ya kiwanda hiyo. Baada ya katikati ya karne ile viwanda vikahamia kwenye magogo ya miti, na karatasi ya miti ina asidi inayoila kutoka ndani, ndo maana inageuka manjano halafu kahawia halafu unga. Kwa hiyo tunapopanga kipi kianze kuhamishiwa kwenye boksi, mie huwa naangalia mafaili ya juzi juzi kabla ya vile vitabu ambavyo kila mtu anavililia.

Kazi yenyewe haina mbwembwe. Mikono unaosha unakausha, glavu za pamba achana nazo, huwezi kuhisi ukurasa ukianza kuchanika. Brashi laini, vumbi linafagiliwa kutoka katikati kwenda nje. Penseli tu, kalamu ya wino isiingie hata mlangoni. Pini za stepla ndo zinachosha zaidi kwa sababu chumvi ya bahari imeshazifanya kutu na kutu imeshaingia kwenye karatasi, unageuza upande wa nyuma, unainua kimguu kimoja kwa kisu chembamba kisicho na makali, unainua cha pili, ndo unaitoa taratibu. Ukivuta kwa kucha unatoka na kipande cha karatasi. Na chochote utakachokuta katikati ya kurasa, jani, uzi, kikaratasi cha deni la nani na nani, usitupe, andika kilikuwa ukurasa gani.

Kadi isiyo na asidi ya kutengenezea mabahasha huku dukani huipati, inaagizwa, inakuja na basi mpaka Mokowe, upande wa bara, halafu boti, na ukiomba Mungu isilowe njiani. Ikikosekana mie natumia merikani. Ndio, kitambaa kile kile cha merikani, kisichotiwa rangi, unakifua mara kadhaa kwa maji ya moto mpaka wanga wote utoke, unakianika, unafungia kitabu. Kinapumua na vumbi halipiti. Boksi linakaa juu ya rafu iliyoinuka kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, kwa sababu mawe yetu yanafyonza mvua. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, ni pazuri kwa macho ila kagua kwanza kama ukuta ule haulii wakati wa masika.

Wadudu je? Wanakili wa zamani walikuwa wakiandika "ya kabikaj" mwanzo wa kitabu, eti jina hilo linawafukuza wadudu. Sisi tunatumia friza, kitabu kinafungwa vizuri kwenye plastiki (hapa plastiki inaruhusiwa, ni kwa muda), nyuzi 20 chini ya sifuri, wiki moja au zaidi, kisha kinaachwa baridi yake iishe kabla ya kufunguliwa. Friza la kamba na samaki tafadhali hapana, na stima ikikatika katikati unaanza upya.

Sasa la mwisho, kwa sababu nimeulizwa tena wiki hii na ami yangu mmoja anayetaka kulamineti hati ya shamba ya babu yake ati isiharibike. Ami, shikamoo, lakini usifanye hivyo. Ule moto na ile gundi vinaingia kwenye karatasi na havitoki, asidi inabaki humo humo inaendelea na kazi yake. Selotepu vile vile. Na kama umeshailamineti usijaribu kuibandua kwa pasi wala kwa petroli, iache ilivyo, iweke gizani, piga picha nzuri pande zote mbili, hiyo sasa ndo kazi ya skana.