Vitenzi vya kutoa katika Kijapani

Kiswahili kinatosheka na kitenzi kimoja, -pa, na kazi ya kuonyesha nani kampa nani kimeviachia viambishi: nilimpa, alinipa. Kijapani hakina viambishi hivyo, na hata viwakilishi huachwa mara nyingi, kwa hiyo mzigo wote hubebwa na kitenzi chenyewe. Kitu kikitoka kwangu kwenda kwa mwingine, hutumika ageru. Kikija kwangu au kwa watu wangu, hutumika kureru.

Sentensi iliyonifungua macho ni hii: Tanaka-san ga imōto ni hon o kureta, yaani Tanaka alimpa dada mdogo kitabu. Neno "wangu" halimo, lakini msikilizaji anaelewa kuwa ni dada yangu mimi, kwani kureta, yaani kureru ya wakati uliopita, imekwisha kumweka upande wa msemaji. Kwa mpokeaji kuna morau, yaani kupokea, ambayo ni nyepesi kidogo.

Heshima nayo ina vitenzi vyake. Ageru asili yake ni kuinua, na kudasaru, badala ya heshima ya kureru, ina undugu na kitenzi cha kushuka: changu kinapanda kwa mkubwa, chake kinanishukia. Kudasai, ambayo wengi tuliikariri kama "tafadhali", ni umbo la kuamrisha la kudasaru hiyohiyo.

Utamu zaidi uko pale vitenzi hivi vinapofuata vitenzi vingine. Yonde kureta ni "alinisomea", na hapo mnyambuliko wetu wa kutendea unakaribiana nacho sana. Tofauti ni kwamba "nitakusomea" yetu haimsimangi mtu, ilhali yonde ageru huutaja wema wangu waziwazi, kana kwamba namwambia mwenzangu ahesabu fadhila.

Hilo nililijifunza kwa aibu. Nilimwona mwalimu wangu amebeba vitabu vingi, nikamwuliza kwa adabu zote nilizokuwa nazo: Tetsudatte agemashō ka? yaani "Nikusaidie?", kwa kutumia ageru. Alitabasamu, akanipa nusu ya vitabu, kisha tukiwa njiani akanieleza kwa upole kwamba mkubwa haambiwi hivyo. Nilidhani dawa ni kupandisha heshima, nikapendekeza tetsudatte sashiagemashō ka, yenye sashiageru, umbo la heshima la ageru. Akatikisa kichwa, maana fadhila ikivishwa joho bado ni fadhila iliyotajwa. Nilipaswa kusema o-tetsudai shimashō ka, nayo pia ni "nikusaidie?", ambamo kitenzi cha kutoa hakimo kabisa.