Swali la Kumuuliza Fundi Kabla Hajapanda Mwembeni

Masika yanapokaribia, vijana wenye mapanga na misumeno ya injini hupita mitaa yetu ya Dar es Salaam wakitafuta miti ya kukata, na wenye nyumba wengi, kwa kuhofia tawi lisije likaangukia bati, hupatana nao bei pale pale getini bila kuuliza lolote kuhusu mti wenyewe. Mimi hutanguliza swali moja kabla ya bei: msumeno utapita wapi hasa?

Kidonda cha mti hakiponi kama cha mtu. Alex Shigo, mtaalamu wa magonjwa ya miti aliyefanya kazi katika Idara ya Misitu ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno na kuonyesha kwamba mti hauwezi kuifufua sehemu iliyoharibika, bali huizungushia kinga ili uozo usisambae, kisha huota mbao mpya juu yake. Kinga hiyo ni imara zaidi kwenye uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Fundi anayekata hadi kusawazisha na shina, ati papendeze, ameuondoa uvimbe huo. Anayeacha kisiki kirefu amewaachia fangasi chakula. Kupaka rangi au oili chafu juu ya jeraha hakuzuii uozo, ingawa mafundi wengi huapa kwamba kunazuia.

Kwa tawi zito, anayeijua kazi atakueleza mikato mitatu: wa kwanza kutoka chini, mbali kidogo na shina, ili tawi lisichane gome likianguka, wa pili kutoka juu, mbele kidogo ya ule wa kwanza, na wa mwisho nje tu ya uvimbe, kuondoa kisiki kilichobaki.

Jibu la kumrudisha mtu alikotoka ni “tutaukata kichwa”. Mti uliokatwa kichwa huchipua kwa pupa kutoka chini tu ya gome, na machipukizi hayo hurefuka upesi huku yakiwa yameshikilia mbao inayoanza kuoza, hivyo baada ya miaka michache hatari juu ya bati huwa kubwa kuliko ya awali. Mwembe hupunguzwa matawi machache baada ya mavuno (na utomvu wake huunguza ngozi, kwa hiyo mikono mirefu ni lazima).

Kuhusu vyeti, chama cha kimataifa cha watunza miti, ISA, kilichoanzishwa mwaka 1924, huwatahini watu wenye uzoefu. Kwetu wapo waliosoma misitu Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, au Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, lakini kuijua misitu si sawa na kuning’inia kwa kamba juu ya paa la jirani. Ndiyo maana huomba kuonyeshwa mti ambao fundi aliukata miaka miwili au mitatu iliyopita: mkato mzuri huwa umeanza kuzungukwa na pete ya mbao mpya. Akipanda mti utakaobaki hai kwa viatu vya misumari, anautoboa bure. Matawi yakigusa nyaya za umeme, TANESCO waitwe kwanza.

Malipo nayo yaangaliwe. Fundi anayekubali kulipwa kwa magogo, ayauze kuni au achome mkaa, ana kila sababu ya kukata zaidi ya mlivyopatana. Mlipe fedha taslimu, na magogo yabaki uani kwako.